Kipimo cha Pumzi: Mwendo wa Wapagazi wa Unyanyembe na Dawa za Kutuliza Moyo

Itetemia, ambayo siku hizi ni kata ya Manispaa ya Tabora na ndiko iliko ikulu ya watemi wa Unyanyembe, imekaa katika uwanda wa miombo ulio mita zipatazo 1,200 juu ya usawa wa bahari, jirani na Kwihara, katika kitovu cha njia kuu ya misafara iliyotoka Bagamoyo na ambayo hapo iligawanyika, tawi moja likishika magharibi kwenda Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika na jingine likipanda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Historia ya njia hiyo imeandikwa sana kwa upande wa pembe za ndovu, watumwa, nguo, shanga na wageni wa Ulaya waliopita, lakini upande mmoja umebaki nyuma, nao ni ule wa elimu ya mwili: namna watu waliotembea zaidi ya kilomita 800, mzigo ukiwa begani, walivyojua ni kiasi gani cha juhudi ambacho moyo na mapafu yao vingestahimili kwa siku, na kwa alama zipi. Elimu hiyo ina maana ya pekee leo kwa wale wanaomeza dawa ya kupunguza mapigo ya moyo kwa sababu ya wasiwasi na ambao wangependa kufanya mazoezi bila ya kujidhuru, kwa kuwa dawa hiyo huwavurugia kipimo ambacho mafunzo ya mazoezi ya kisasa hukitegemea mno, ikawaachia kile kile kilichotumiwa na wapagazi.

Mpagazi alikuwa mtu aliyepatana ujira wa kuchukua mzigo katika msafara, na kwa sehemu kubwa ya karne ya 19 kazi hiyo katika njia ya kati ilikuwa mikononi mwa Wanyamwezi, ambao walikuwa wakiteremka pwani kwa misafara yao wenyewe kabla Waarabu na Waswahili hawajajenga matembe, yaani nyumba za udongo zenye paa bapa, huko Kazeh, jina la zamani la sehemu ya Tabora. Mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu chake cha mwaka 2006 kuhusu watu hao, amewaeleza kuwa wafanyakazi wa ujira wenye desturi zao, heshima yao na msimamo wao. Kijana ambaye hajaiona pwani alihesabiwa kuwa hajapevuka, na hata nyumba ya utemi haikuwa mbali na kazi hiyo: msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyefika Kazeh mwezi Novemba 1857 baada ya safari ya siku 134 kutoka pwani, aliandika kwamba Fundikira, mtemi wa Unyanyembe wa wakati huo, alikuwa njiani kwenda pwani akiwa mpagazi alipopata habari ya kifo cha baba yake, na papo hapo akautua mzigo akarudi nyumbani kutawala. Maelezo hayo ni mafupi, lakini yanatosha kuonyesha kwamba aliyeketi katika enzi ya Unyanyembe alikuwa ameujua uzito wa frasila kwa bega lake mwenyewe.

Frasila ilikuwa kipimo cha biashara cha pwani chenye ratili 35 hivi, takriban kilo 16, na mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa frasila mbili au pungufu kidogo, mbali na mkeka wake, chungu chake, silaha yake na posho, yaani chakula cha njiani. Pembe zilizozidi kiasi hicho walipewa wenye nguvu, nao walijivunia kuzibeba, na mzigo usiochukulika na mtu mmoja ulifungwa kwenye mti ukabebwa na wawili, mmoja mbele na mwingine nyuma, mtindo ulioitwa mzigaziga, ambao wengi hawakuupenda kwa sababu mwendo wa mmoja humsumbua mwenzake. Wageni wa Ulaya waliziona asubuhi za kwanza za safari kuwa ni fujo na uvivu, kwa kuwa kila mtu aliuinua mzigo, akaurudisha chini, akaunung'unikia, akataka ubadilishwe au upunguzwe, na aliyelazimishwa kupita kiasi alitoroka usiku. Ni haki kuisoma tabia hiyo kwa namna nyingine: huo ulikuwa upimaji, uliofanywa na mtu aliyejua kwamba kosa dogo la uzito katika siku ya kwanza lingekuwa ugonjwa katika siku ya 30, na ambaye hakuwa na chombo kingine cha kupimia isipokuwa shingo, magoti na pumzi yake.

Siku ya msafara ilianza gizani. Watu waliamka jogoo walipowika, wakaondoka kabla ya jua au lilipokuwa likichomoza, wakatembea saa chache hadi jua lilipokuwa kali, na kabla ya adhuhuri walikuwa wamekwisha kutua na kujenga kambi karibu na maji. Mbele alitangulia kirangozi, yaani kiongozi wa njia, mara nyingi akiwa amevaa nguo nyekundu na mapambo ya manyoya au ngozi kichwani, na desturi ilikataza mtu yeyote kumpita, aliyempita akitozwa faini. Wageni wengi waliitaja sheria hiyo kama jambo la adabu tu, na bila shaka heshima ilikuwamo, lakini matokeo yake kwa mwili yalikuwa makubwa, kwa maana katika mstari mrefu wa watu waliobeba mizigo hakuna hatari inayozidi ile ya vijana wenye nguvu kuongeza mwendo asubuhi, wakawavuta wengine nyuma yao, kisha wote wakaishiwa nguvu kabla ya maji kufikiwa. Kirangozi alikuwa kizuizi cha mwendo aliyevaa nguo nyekundu. Nyuma yake walifuata wabeba pembe, kila pembe ikiwa na kengele ya ng'ombe kwenye ncha, kisha wenye marobota ya nguo, shanga na nyaya, na mlio wa kengele hizo ulimwambia kila mmoja, hata aliye nyuma asiyeona mbele, kama hatua imeharakishwa au imelegea.

Juu ya kengele hizo kulikuwa na nyimbo. Karibu kila msafiri aliyeacha maandishi alitaja kwamba Wanyamwezi waliimba njiani, mmoja akianzisha na wengine wakimwitikia, na kwamba waliingia vijijini kwa ngoma, baragumu na milio ya bunduki. Wimbo wa kupokezana una hesabu yake ya pumzi: anayeanzisha hutumia pumzi ndefu, anayeitikia hutumia fupi, na baina ya mwitiko mmoja na mwingine mapafu hupata nafasi. Kundi ambalo mwitiko wake unafifia ni kundi lililochoka, na kiongozi mwenye sikio hahitaji kugeuka nyuma ili alijue hilo. Haidaiwi hapa kwamba wapagazi walitunga nadharia juu ya jambo hilo. Inadaiwa tu kwamba waliishi nalo kila siku kwa vizazi kadhaa, na kwamba njia iliwafundisha.

Palikuwa na sehemu ambazo utaratibu huo haukutosha. Kati ya Ugogo na Unyanyembe ulitanda Mgunda Mkali, pori la miiba lenye maji haba, na huko misafara ililazimika kufanya terekeza, neno lililokuwa na maana ya kupika na kunywa mchana mahali penye maji, kisha kuondoka alasiri na kutembea hadi usiku, kulala bila maji na kuamka mapema kuyatafuta. Kijiji kilichopokea watu waliotoka porini humo kwa upande wa Unyamwezi kiliitwa Tura, jina ambalo Burton alilifasiri kuwa ni amri ya kutua mzigo. Katika pori hilo uchovu na hofu vilitembea pamoja, hofu ya kiu, ya simba, ya wanyang'anyi na, katika miaka ya 1870, ya vita baina ya mtemi Mirambo wa Urambo na wafanyabiashara wa Unyanyembe vilivyofunga njia mara kwa mara. Mtu aliyesimama humo moyo ukimdunda asingeweza kusema kwa urahisi ni sehemu gani ya mdundo huo iliyotokana na mzigo na ni ipi iliyotokana na woga.

Lugha yenyewe imehifadhi mchanganyiko huo. Katika Kiswahili moyo ni nyama inayosukuma damu na tena ni makao ya ushujaa na huzuni, ndiyo maana mtu hupiga moyo konde, hutiwa moyo au huvunjika moyo, na jina la Bagamoyo, mwisho wa njia hii, husimuliwa kuwa limetokana na kubwaga moyo: kwa wapagazi, kupumzika na kuyaacha mashaka ya safari, na kwa watumwa waliokuwa wakingojea majahazi, kukata tamaa. Msafara haukuiacha hofu bila tiba. Aghalabu ulikuwa na mganga wake, ambaye kwa Kinyamwezi huitwa mfumu, aliyetazamia safari, akafunga hirizi na kutoa dawa za kulinda njia, na neno dawa hapo lilikusanya pamoja kile kinachomezwa, kinachochanjwa na kinachovaliwa. Mtu wa leo anaweza kuwa na shaka juu ya nguvu ya mizizi hiyo, lakini hana sababu ya kudharau utambuzi uliokuwa nyuma yake, kwamba woga ni jambo linaloushika mwili na kwamba mwili ulioshikwa na woga huchoka upesi.

Haki ya kujipimia mwendo haikuwa ya wote. Katika njia hiyo hiyo walipita watu waliofungwa minyororo na panda shingoni, ambao hatua yao ilipangwa na mjeledi, na aliyeshindwa kwenda aliachwa afe au aliuawa. Baada ya ngome ya Isike, mtemi wa Unyanyembe, kutekwa na Wajerumani mwezi Januari 1893, na hasa reli ilipofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, upagazi wa ujira ulififia, lakini vita vya kwanza vya dunia viliufufua kwa sura mbaya kuliko zote, majeshi ya pande zote yakiwachukua wanaume kwa nguvu kubeba risasi na chakula. Jeshi la Wabelgiji liliingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916 likiwa na mstari mrefu wa wachukuzi nyuma yake, na katika Afrika Mashariki yote makumi ya maelfu ya watu kama hao walikufa, wengi kwa kuhara, malaria, njaa na kuchoshwa, na jina la Kariakoo jijini Dar es Salaam ni kumbukumbu ya kikosi cha Waingereza cha wachukuzi hao. Mzigo ulikuwa karibu na ule ule uliobebwa zamani. Kilichobadilika ni kwamba mchukuzi hakuwa tena na uwezo wa kusema kuwa pumzi imekwisha.

Wakati wapagazi walipokuwa wakiiacha njia, sayansi ilikuwa ikianza kueleza kwa nini mzigo na woga huufanya moyo udunde kwa namna moja. Mwaka 1901 mkemia Mjapani Jokichi Takamine, aliyekuwa akifanya kazi Marekani, alitangaza kuwa ameipata ikiwa safi adrenalini, kemikali inayotolewa na tezi zilizo juu ya figo wakati mtu anapojitahidi au anapoogopa, ambayo huusukuma moyo upige haraka na kwa nguvu zaidi. Mwaka 1948 Raymond Ahlquist wa Marekani alipendekeza kwamba kemikali hiyo hufanya kazi kwa kushika vipokezi, yaani sehemu maalumu za seli zinazopokea ujumbe wake kama kufuli linavyopokea ufunguo, na akavigawa vipokezi hivyo katika aina mbili, alfa na beta, moyo ukiongozwa zaidi na aina ya pili. Mskoti James Black aliijenga hoja yake juu ya pendekezo hilo: badala ya kutafuta namna ya kuupelekea moyo mgonjwa damu zaidi, alitafuta namna ya kuupunguzia kazi, kwa kuziba kufuli ili adrenalini isipate pa kuingia. Dawa iliyotokana na jitihada zake, propranololi, ilianza kutumika katikati ya miaka ya 1960 kwa wagonjwa wa maumivu ya kifua yatokanayo na moyo, na Black alipata Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1988 pamoja na Gertrude Elion na George Hitchings.

Haikupita muda kabla ya dawa hizo, ambazo kwa jumla huitwa vizuizi vya beta, kuhusishwa na wasiwasi. Mwaka 1966 madaktari Granville-Grossman na Turner wa Uingereza walichapisha matokeo ya kuwapa propranololi watu wenye wasiwasi, na ilionekana kwamba dalili zilizotulia zaidi zilikuwa zile za mwili, yaani mapigo ya kasi na mengineyo yanayoendeshwa na adrenalini, kuliko mawazo yenyewe ya hofu. Tofauti hiyo ni muhimu kuielewa. Dawa haiondoi sababu ya woga wala haimfundishi mtu kuukabili; inaukata mzunguko ambao mtu huogopa, moyo ukamdunda, akausikia, akaogopa zaidi. Ndiyo maana wanamuziki na wasemaji wa hadharani wameitumia kabla ya kupanda jukwaani, na ndiyo maana imepigwa marufuku katika michezo ya kulenga shabaha, ambako mkono usiotetemeka ni faida isiyo ya haki.

Mtu anayemeza dawa ya namna hii akatoka kufanya mazoezi hukutana na jambo geni. Mafunzo mengi ya mazoezi humwagiza atoe umri wake katika 220, achukue sehemu fulani ya jibu hilo, kisha ajitahidi mpaka mapigo yake yafikie idadi hiyo kwa dakika, na saa za mkononi za kisasa humkumbusha hivyo bila kuchoka. Kwake hesabu hiyo haifai, kwa sababu moyo uliozibiwa vipokezi vyake haupandi kama ulivyokuwa ukipanda, hata miguu inapofanya kazi ile ile. Naye akiifukuza namba asiyoweza kuifikia, atajichosha kupita kiasi, pengine hadi kizunguzungu na kuanguka, huku saa ikimwambia kuwa bado hajaanza. Zaidi ya hayo, propranololi, ambayo haiuchagui moyo peke yake, hupunguza uwezo wa misuli kupata mafuta na sukari kwa ajili ya kazi ndefu, hivyo miguu kuwa mizito mapema ni jambo la kutarajiwa, wala si uthibitisho wa uvivu wala wa ugonjwa mpya. Dawa za jamii hiyo zinazoelekea zaidi kwenye moyo, kama vile atenololi na bisoprololi, kwa kawaida huwa na athari ndogo zaidi kwa upande huo.

Kilichobaki ni pumzi na hisia ya juhudi. Mwanasaikolojia Msweden Gunnar Borg alitengeneza katika miaka ya 1960 ngazi ya kujipimia juhudi inayoanzia 6 hadi 20, ambamo mtu husema mwenyewe kazi anayoifanya ni nyepesi au nzito kiasi gani; namba hizo zilichaguliwa kwa sababu kila moja ikizidishwa mara kumi hukaribia mapigo ya kijana mwenye afya. Kwa mtumiaji wa kizuizi cha beta uhusiano huo na mapigo hukatika, lakini ngazi yenyewe hubaki na thamani, na kiasi cha 12 hadi 14, ambacho huhisiwa kuwa juhudi ya wastani, kinaweza kumwongoza mtu mwenye afya ya kawaida. Iliyo rahisi zaidi ni jaribio la mazungumzo: anayeweza kusema sentensi nzima lakini asiyeweza kuimba yuko katika juhudi ya wastani, anayetoa maneno mawili matatu kisha akatafuta hewa amekwisha vuka mpaka huo, na anayeimba kwa raha bado ana akiba. Mwitiko mfupi wa wabeba pembe wa Unyanyembe ulikuwa umekaa katikati ya hali hizo, na ni vigumu kuyasoma maelezo ya watabibu wa leo bila ya kusikia kengele za msafara.

Hata ratiba ya zamani inalingana na tahadhari za sasa kuliko inavyodhaniwa. Vizuizi vya beta vinaweza kupunguza uwezo wa mwili kupeleka damu kwenye ngozi ili kutoa joto, na katika Tabora ya Septemba na Oktoba, kabla ya mvua, anayetembea alfajiri na kutua kabla jua halijawa kali hufanya lililo salama kuliko anayekimbia saa nane mchana, mradi amekunywa maji. Kuanza taratibu kwa dakika kumi hivi kunahitajika zaidi kuliko kwa mtu mwingine, kwa kuwa moyo huchelewa kuongeza kasi, na kumaliza taratibu ni lazima vilevile, kwani anayesimama ghafla hubakiwa na damu nyingi miguuni, shinikizo la damu likashuka, akaona giza. Maumivu ya kifua, kuzirai au kuhema kusiko kwa kawaida ni sababu ya kuacha papo hapo na kumwona daktari. Mwenye pumu hapaswi kutumia propranololi, ambayo inaweza kuyabana mapafu yake. Mwenye kisukari anayetumia insulini ajue kwamba dawa huficha mdundo na mtetemo unaotangaza kushuka kwa sukari, ingawa jasho kwa kawaida hubaki. Wala asiwepo anayeiacha ghafla kwa kujiona amepona au kwa kutaka kukimbia vizuri zaidi, kwa sababu moyo uliozoea kuzuiwa unaweza kurudi kwa kishindo, na kipimo hupunguzwa hatua kwa hatua kwa maelekezo ya daktari. Kuazimana vidonge, jambo linalofanyika katika familia nyingi kwa nia njema, ni hatari kwa sababu hizo zote.

Kwa wenye wasiwasi faida ya mazoezi hupita ile ya misuli. Mtu ambaye kila mdundo wa moyo humtisha huepuka kupanda kilima, na kwa kuepuka huko hupoteza nafasi ya kujifunza kwamba moyo unaweza kwenda mbio kwa sababu njema kisha ukatulia wenyewe. Dawa ikiwa imeshusha mdundo huo, matembezi ya kila siku humrudishia hatua kwa hatua imani katika mwili wake, na mazoezi ya mara kwa mara yenyewe yamethibitika kupunguza wasiwasi.

Ni kosa, hata hivyo, kulifikiria neno mazoezi kwa maana ya klabu za mbio za polepole za mijini peke yake. Itetemia na vitongoji vya Tabora vina watu wengi ambao mwili wao hufanya kazi nzito bila ya kuvaa raba: wanaolima matuta ya tumbaku, wanaochota maji, wanaosukuma baiskeli yenye magunia ya mkaa. Mtoa huduma anayempa mtu kama huyo kizuizi cha beta kisha akamwuliza tu iwapo anafanya mazoezi atajibiwa kuwa hapana, na ataandika hivyo. Linalofaa kuulizwa ni mzigo anaobeba, saa anayoubeba, na kama akiwa nao njiani anaweza kumjibu mtu anayemsalimu bila ya kusimama.